Maisha ya Siti binti Saad: Somo kuhusu Utambulisho

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujarejea kwa wahusika wa vitabu vyako teule, nataka tumtazame kwanza mtu aliyeishi kweli. Nina sababu. Kila ninaposahihisha karatasi ya fasihi, hukutana na majibu mengi yanayosema kuwa mhusika fulani ni jasiri, mwenye bidii na mvumilivu, kisha mtahiniwa anaishia hapo. Sifa amezitaja, lakini hajajiuliza zimetoka wapi. Mtu hajijui akiwa peke yake. Hujijua kwa kutazama ni wapi anapokubalika, ni nani wanaomhesabu kuwa mwenzao, na kama ana hakika ya kesho yake. Kukubalika na usalama ndivyo vinavyomjenga mtu au kumbomoa. Maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab, yanaonyesha jambo hili waziwazi.

Jina la kwanza

Siti alizaliwa karibu mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Asili ya wazazi wake ilikuwa bara: baba Mnyamwezi, mama Mzigua. Wakati huo watu wengi wa bara walikuwa wamefikishwa kisiwani kwa njia ya utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka wa 1897. Mtoto huyu hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Hebu fikiria uzito wa jina hilo. Kila alipoitwa kutumwa kisimani au kula chakula, alikumbushwa daraja lake. Jamii ya Unguja ya siku hizo iliwapima watu kwa nasaba. Binti huyu alizaliwa kisiwani na alizungumza lugha ya kisiwani, lakini hakuhesabiwa kuwa mwenyeji kamili. Andika hoja ya kwanza pembeni mwa ukurasa: kuishi mahali si sawa na kukubalika mahali hapo.

Vyungu na sauti

Nyumbani kwao kulikuwa na umaskini, na shule hakuipata. Alijifunza ufinyanzi kutoka kwa mama yake, akawa anabeba vyungu na kuvitembeza mjini. Ili kuwavutia wanunuzi, alinadi bidhaa zake kwa kuimba. Sauti yake ilisikika mbali, hivi kwamba wateja walijua nani anakuja kabla ya kumwona.

Hapa utambulisho mwingine unaanza kuchipuka. Awali alitambuliwa kwa kile alichokosa: nasaba, mali na elimu. Sasa anatambuliwa kwa kile anachoweza kufanya. Hata hivyo, usikimbilie kusema kuwa amefaulu. Mchuuzi wa vyungu hana hakika ya kesho. Mvua ikinyesha, hakuna soko; chungu kikivunjika, mtaji umepotea. Kipaji bila usalama ni kama mche usio na udongo. Umo hai, lakini hauwezi kukua.

Kundi lililomshika mkono

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Ali Muhsin alivutiwa na sauti yake, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Baadaye Siti alikuwa na kundi lake, lililokuwa na wanamuziki kama Subeti Ambar, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Walifanya mazoezi pamoja, wakatunga pamoja na kusafiri pamoja.

Ni muhimu ujue taarab ilivyokuwa kabla yake. Muziki huu ulianza kusitawi Unguja katika enzi ya Sultani Barghash, kwa athari kutoka Misri. Uliimbwa kwa Kiarabu, waimbaji wakiwa wanaume, na wasikilizaji wakiwa watu wa tabaka la juu. Mwanamke mfinyanzi kutoka shamba hakuwa na nafasi humo. Siti aliingia na kuimba kwa Kiswahili, lugha ya sokoni, bandarini na jikoni. Kwa hiyo hakujitafutia nafasi yeye peke yake. Aliwafungulia mlango watu wa lugha yake.

Sifa zake zilipoenea, alialikwa katika majumba ya wakubwa, na huko ndiko alikopata jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi au mwanamke wa heshima. Sasa zingatia jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Jina la Mtumwa alipewa na watu, na jina la Siti pia alipewa na watu. Hakujichagulia hata moja. Tofauti ni kwamba jina la kwanza lilimtangulia, kabla hajatenda lolote. La pili lilimfuata, baada ya watu kumsikia. Utambulisho, basi, huundwa na pande mbili: kile ambacho mtu anakitenda na kile ambacho jamii inakubali kukiona.

Kejeli na jibu lake

Mwenye kupanda huandamwa na maneno. Wapinzani wake walitunga wimbo wa kumkejeli, wakiuliza amekuwa mtu tangu lini, naye alifika mjini akiwa amejifunga kaniki, vazi la watu maskini na watumwa. Lengo la wimbo huo halikuwa sauti yake. Walilenga asili yake. Walitaka kumwambia kuwa hata akiimba vipi, mahali hapo si pake.

Angeweza kujificha. Baada ya utumwa kukomeshwa, wako watu wengi Unguja waliojipa asili mpya ili wasahaulike walikotoka. Siti hakukana kaniki wala Fumba. Alijibu kwa wimbo, na hoja yake ilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukuu wa ukoo si kitu. Hasara kubwa ya mtu ni kukosa akili.

Jiulize: kwa nini aliweza kujibu hivyo? Msichana aliyetembeza vyungu huenda angenyamaza na kwenda zake. Lakini mwanamke huyu alikuwa na kundi nyuma yake, kazi iliyomlisha na wasikilizaji waliomngojea. Usalama haukumfanya asahau asili yake. Ulimpa nguvu ya kuikubali mbele za watu. Hii ndiyo hoja kuu ya makala haya: asiye na usalama hulazimika kuificha asili yake, na mwenye usalama huweza kuitaja bila kutetemeka.

Sauti ya wengine

Mwaka wa 1928 Siti na kundi lake walisafirishwa hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Waliendelea kurekodi miaka iliyofuata, na santuri zao zikasikika kote katika pwani ya Afrika Mashariki na bara pia. Jina la msichana wa Fumba likafika mahali ambapo miguu yake haikufika.

Hakuitumia nafasi hiyo kuwasifu wakubwa tu. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kisa cha mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatorokea bara, huku mashahidi waliofika mahakamani wakigeuka kuwa ndio wanaoadhibiwa. Mtu aliyekuwa hana pa kusimama sasa amesimama kwa niaba ya aliyenyimwa haki. Kukubalika kwa kweli hakumtengi mtu na wanyonge waliobaki nyuma.

Siti alifariki mwezi wa Julai mwaka wa 1950. Mwaka wa 1958 Shaaban Robert alichapisha wasifu wake, na hivyo mwanamke ambaye hakwenda shule akaingia katika fasihi andishi. Miaka mingi baadaye chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kililipa jarida lao jina la Sauti ya Siti. Hakuna jarida lililoitwa Sauti ya Mtumwa, ingawa sauti ilikuwa ile ile.

Utalitumiaje somo hili?

Usiandike maisha ya Siti katika jibu la riwaya. Hutapata alama. Tumia maswali tuliyomuuliza. Mchukue Ridhaa katika Chozi la Heri. Siti alianza bila mahali, akapapata. Ridhaa alidhani anapo mahali, akapokonywa. Alisoma, akawa daktari, akajenga na kuishi na majirani kwa miaka mingi, lakini tangu utotoni kulikuwa na waliomwita mfuata mvua. Siku jirani yake alipogeuka kuwa adui, nyumba iliteketea pamoja na jamaa zake. Anayeketi kwenye majivu ni Ridhaa yule yule, ila hajui tena yeye ni nani. Mtazame pia Umulkheri: anapoteza wazazi, anatenganishwa na ndugu zake, kisha anapokelewa na Mwangeka na Apondi. Usiseme tu kuwa alipata makao. Onyesha vile makao hayo yalivyomrudishia utu wake.

Kwa kila mhusika, jiulize mambo matatu. Nani amempa jina au sifa anayoitwa? Ni wapi anapokubalika, na ni wapi anapovumiliwa tu? Akipokonywa usalama, ni nini kinachobaki ndani yake? Ukijibu hayo kwa kurejelea matukio ya kitabuni, jibu lako litapita orodha ya sifa.

Na huenda nawe una jina ulilobandikwa darasani au mtaani, kwa sababu ya kabila, umaskini wa nyumbani au alama za mtihani uliopita. Jina hilo lilikutangulia. Bado hawajakusikia.

Maswali ya marudio

1. Usalama huimarisha utambulisho wa mtu. Thibitisha kauli hii kwa kurejelea wahusika wawili katika riwaya uliyosoma. (alama 10)

2. Eleza jinsi majina wanayopewa wahusika yanavyoakisi nafasi yao katika jamii. (alama 10)