Mkwawa: Ngome ilianguka, watu walibaki

Sisi wakazi wa Kihesa tunalisikia jina la Mtwa Mkwawa kila siku, lakini wengi tunaishia kwenye vita vya Lugalo. Hapo, Agosti 17, 1891, Wahehe waliwavamia Wajerumani njiani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mimi naona fundisho kubwa zaidi lilikuja baadaye. Oktoba 30, 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya mawe ya Kalenga baada ya kuipiga mizinga. Watu wengi walimficha na kumlisha porini hadi 1898, ingawa kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Mwezi Julai alijiua ili asitekwe. Viongozi wetu wajiulize: ukuta ukianguka, nani atawaficha?