Gericke, Bwana Aliyelima Bila Udongo

Askari aliyepata kuwekwa katika kituo cha mbali, mahali ambapo gari la posho huja mara moja kwa wiki na pengine haliji kabisa, hahitaji kuelezwa thamani ya mboga mbichi. Unga na maharage hukaa ghalani, nyama hutiwa makoponi, lakini mchicha haungoji. Kwa sababu hiyo maisha ya Mmarekani mmoja, William Frederick Gericke, yanafaa kusimuliwa kwa watu wa majeshi, ingawa kazi yake ilikuwa ya mimea wala si ya silaha.

Gericke alizaliwa tarehe 30 Agosti 1882. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, akiwa mtaalamu wa lishe ya mimea. Kwa miaka mingi alichunguza ngano: ni chumvichumvi gani mmea huzihitaji ungali mche, na ni zipi huzihitaji unapokaribia kutoa masuke. Ilikuwa kazi ya kimya, isiyomfanya mtu ajulikane nje ya maabara, na kama angeishia hapo pengine leo asingetajwa na mtu.

Jambo aliloliendeleza halikuwa geni kwa wataalamu. Mmea hauli udongo; hunywa maji pamoja na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake, na udongo kwake ni ghala na nguzo ya kusimamia. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alikuza mnanaa katika maji ya namna mbalimbali, akaona kwamba yale yaliyochanganyika na udongo yaliukuza kuliko maji ya mvua. Katika miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walitambua chumvichumvi zenyewe, wakaweza kuukuza mmea ndani ya maji tangu mbegu hadi mbegu. Hata hivyo kwa muda wa miaka 60 na zaidi elimu hiyo ilibaki ndani ya chupa. Mwalimu aliwaonyesha wanafunzi mmea mmoja katika chupa moja, kisha chupa ikaoshwa na kurudishwa kabatini.

Gericke ndiye aliyeuliza kwa nini chupa isiwe shamba. Mwaka 1929 alichapisha makala katika jarida la elimu ya mimea la Marekani, akieleza kwamba mazao ya chakula yaweza kulimwa ndani ya maji kwa ajili ya soko na si kwa ajili ya mtihani. Wakubwa wake chuoni walimtilia shaka na wakamnyima nafasi katika nyumba za vioo za chuo. Basi akaifanya kazi hiyo nyumbani kwake, katika ua, kwa saa zake mwenyewe. Msomaji ashike jambo hili, kwa kuwa ndilo lililoleta ugomvi baadaye.

Chombo alichotumia kilikuwa sahili. Lilikuwa beseni refu lenye kina cha kama shubiri moja, likijazwa maji yenye chumvichumvi za naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesi na salfa, pamoja na chembe za chuma na madini mengine machache. Juu ya beseni ulilazwa wavu wa waya uliobanwa katika fremu ya mbao, na juu ya wavu yakatandikwa majani makavu, takataka za mbao na vitu vya namna hiyo, viwe kitanda cha mche. Mizizi hupenya wavu na kuteremka majini. Kati ya wavu na maji lazima pawe na nafasi ya hewa, maana mzizi hupumua kama tunavyopumua sisi. Mzizi uliozamishwa wote katika maji yaliyotulia hufa, na mmea hunyauka huku umesimama ndani ya maji. Kadiri mizizi inavyorefuka ndivyo maji yanavyoshushwa. Tena kitanda hicho huzuia mwanga usiyafikie maji, kwani yakipata mwanga hugeuka kijani kwa ukoga, nao ukoga hula chakula cha mmea.

Beseni lilifanywa la mbao, la saruji au la bati. La mbao huvuja na kuoza. La saruji hudumu, ila likishajengwa halihamishwi, na likiwa jipya chokaa yake huharibu maji mpaka lioshwe sana. La bati ni jepesi, hukunjwa na fundi yeyote mwenye nyundo na risasi ya kulehemu, na likitunzwa hutumika kwa miaka. Lakini bati lina siri yake, na fundi asiyeijua atalaumu mbegu bure. Bati la kawaida limepakwa zinki ili lisipate kutu. Chumvichumvi zilizomo majini huila zinki hiyo kidogo kidogo, na ingawa mmea huhitaji chembe ndogo mno za zinki, zikizidi ni sumu. Majani hugeuka manjano, mizizi hudumaa, na mkulima hudhani chakula kimepungua, akaongeza chumvichumvi, asipate nafuu. Dawa yake ni kulipaka beseni rangi ya lami ndani kote, hasa penye maungio, kisha kuliacha likauke kabisa na kulisuuza kwa maji kabla ya kupanda. Na lami yenyewe si lami yoyote. Ile itokanayo na makaa ya mawe ina kemikali za kuunguza mizizi, na wako waliopoteza mazao kwa kuokoa senti chache dukani. Beseni ambalo halikulazwa sawasawa nalo ni hasara, maana upande mmoja mizizi itazama na upande wa pili itakauka. Aliyewahi kujenga tangi la maji kambini atayafahamu haya upesi kuliko mwanachuo.

Katika ua wa Berkeley minyanya ya Gericke ilipanda hadi futi 25, yaani mita saba na nusu, ikabidi watu wapande ngazi ili kuchuma. Magazeti yakaja na kamera. Habari zikaenea Marekani nzima wakati ule wa dhiki ya uchumi, ambapo mashamba mengi ya katikati ya nchi yalikuwa yakipeperushwa na upepo, watu wakihama. Si ajabu kwamba habari ya shamba lisilohitaji udongo ilipokewa kama habari ya wokovu. Barua zikamiminika chuoni zikiomba maelezo. Matapeli nao hawakukosa: waliuza vifaa na vifurushi vya unga wa chumvichumvi kwa bei ya kuumiza, wakiahidi mavuno ambayo Gericke mwenyewe hakuyaahidi.

Mwanzoni aliita kazi yake kwa jina ambalo tayari lilitumika kwa ufugaji wa samaki na viumbe wa majini. Ikabidi jina lipatikane jingine. Mtaalamu mwenzake William Setchell, bingwa wa mwani aliyekuwa pia msomi wa Kigiriki cha kale, alimpendekezea neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya lugha hiyo, moja likiwa na maana ya maji na la pili maana ya kazi. Mwezi Februari 1937 Gericke akalitangaza katika jarida la sayansi: haidroponiki. Neno hilo lilikusudiwa kukaa mkabala na neno la kale la Wagiriki lililohusu kazi ya ardhi.

Mwaka huo huo akaondoka chuoni. Chuo kilikuwa kimemtaka atoe kanuni za michanganyiko yake ili wananchi wajibiwe barua zao. Gericke alikataa, akisema kwamba kanuni hizo hazijakamilika, kwamba alizipata nyumbani kwake, na kwamba kama chuo kinazihitaji kimpe kwanza nyumba ya vioo na muda wa kuzijaribu ipasavyo. Mwishowe nafasi alipewa, lakini wakati huohuo mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa kilimo akawaagiza wataalamu wengine wawili, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, kuyachunguza madai yake. Mtu mwenye fahari yake hangeweza kuvumilia hayo, naye alikuwa nayo. Akaacha kazi akiwa na umri wa miaka 55 hivi, akaendelea na utafiti peke yake.

Taarifa ya Hoagland na Arnon ilitoka mwaka 1938. Walipanda mimea katika maji, katika mchanga na katika udongo mzuri, kwa nafasi sawa, mwanga sawa na matunzo sawa. Waliona kwamba maji hayakushinda udongo mzuri. Mmea hauwezi kusongamanishwa kupita kiasi hata ukipewa chakula tele, kwa sababu kila jani hudai jua lake. Katika jambo hilo walisema kweli. Pamoja na hayo walitoa bure kwa umma kanuni kamili ya mchanganyiko, jambo ambalo Gericke alikuwa amelizuia.

Mwandishi wa makala hii haoni kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote. Mtumishi aliyenyimwa zana hawezi kulaumiwa kwa kudai kazi ya mikono yake. Lakini kanuni iliyofungiwa sandukuni wakati matapeli wanauza unga wao barabarani iliwasaidia matapeli, na hilo Gericke angeliona kama hasira isingalimziba macho. Hatimaye mwaka 1940 aliichapisha mwenyewe, katika kitabu cha mwongozo wa bustani zisizo na udongo. Kwa upande wa pili, Hoagland na Arnon walipima maji dhidi ya udongo mzuri. Hawakuulizwa habari ya mahali ambapo udongo mzuri haupo.

Swali hilo lilikwisha kuanza kujibiwa baharini. Katika Pasifiki kuna kisiwa kiitwacho Wake, matumbawe matupu na mchanga, ambacho shirika la ndege la Pan American lilikifanya kituo tangu mwaka 1935 kwa ajili ya ndege zake zitulizo juu ya maji. Kuleta mboga kwa ndege kulikuwa ghali mno. Kabla ya muongo huo kwisha, kijana aliyejifunza kwa Gericke alipelekwa huko, akatandaza mabeseni, na wasafiri na watumishi wakala nyanya na saladi zilizochumwa pale pale. Mwezi Desemba 1941 Wajapani wakakishambulia kisiwa hicho, na tarehe 23 ya mwezi huo kikosi kidogo cha askari wa Marekani waliokilinda kikalazimika kusalimu amri.

Vita ndivyo vilivyolifanya jambo hili kuwa la majeshi. Ascension, kisiwa cha volkano katika Atlantiki, kati ya Afrika na Brazil, kilikuwa na uwanja wa ndege uliojengwa na wahandisi wa Jeshi la Marekani mwaka 1942, lakini ardhi yake ilikuwa mawe yaliyoungua na maji matamu yalikuwa adimu. Mwaka 1945 jeshi likaanzisha huko shamba la kokoto, likijazwa maji ya chakula kwa pampu na kuachwa yachuje tena, na askari wakapata matango, nyanya na saladi. Kazi kama hiyo ilifanywa Iwo Jima baada ya kisiwa kile kutekwa. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo katika kambi yao ya anga ya Habbaniya, Iraq, ambako awali mboga zililetwa kwa ndege kutoka Palestina, na katika kisiwa cha Bahareni. Baada ya vita shamba kubwa kuliko yote lilijengwa Chofu, Japani, lenye hekta 22. Huko udongo ulikuwepo, tena mzuri, ila wakulima wa nchi ile walirutubisha mashamba kwa kinyesi cha binadamu, na madaktari wa jeshi waliogopa minyoo na homa za matumbo kwa askari watakaokula saladi mbichi.

Mashamba hayo hayakufuata beseni la Gericke. Yalifuata njia ya kokoto, ambayo wataalamu wengine waliikamilisha katika vyuo vingine, kwa kuwa kokoto huushika mmea imara na askari asiye bwana shamba aweza kuitunza kwa kufungua na kufunga pampu kwa saa zilizowekwa. Hata Arnon, aliyeandika ile taarifa ya 1938, alitumikia jeshi kuanzia 1943 hadi 1946 akiwa na cheo cha meja, akiwalimia askari mboga katika kokoto huko Pasifiki.

Gericke alifariki tarehe 29 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 88. Katika maabara za leo mchanganyiko unaotumika zaidi kukuzia mimea huitwa kwa jina la Hoagland. Kazi yenyewe, duniani kote, huitwa kwa neno lile ambalo Gericke alilitangaza mwaka 1937.