Sheikh Izzuddin bin Abdussalam na Haki ya Mnyama

Sheikh Izzuddin bin Abdussalam, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Damascus, katika nchi ya Sham, karne ya 6 ya Hijria. Kwa wingi wa elimu yake aliitwa Sultani wa Maulamaa. Alipomkemea mtawala wa Damascus kwa kuwapa Wafaranji ngome za Waislamu alifungwa, kisha akahamia Misri. Huko hakuwaogopa hata maamiri wenye nguvu.

Mwanachuoni huyo aliyewakabili wakubwa alimtetea pia asiye na ulimi wa kushtaki. Ni desturi ya binadamu kumpenda mnyama maadamu ambebea mzigo au ampa maziwa; akizeeka, mapenzi huisha. Sheikh aliandika katika Qawaid al-Ahkam kwamba mnyama ana haki juu ya bwana wake: alishwe hata akiwa mkongwe au mgonjwa asiye na faida tena, asitwishwe asiloliweza, wala mwanawe asichinjwe mbele ya macho yake.

Alifariki Cairo mwaka 660 Hijria (1262). Basi mwenye punda aliyechoka na amkumbuke Sheikh huyu kabla ya kumtupa njiani.