Mtakatifu John Henry Newman na Heshima ya Bikira Maria

Wakatekumeni wapenzi, mara nyingi ndugu zetu Waprotestanti hutuuliza kwa nini twamwomba Bikira Maria na Watakatifu, hali Mpatanishi ni mmoja, Yesu Kristu. Someni habari za mtu aliyeuliza neno hilo miaka mingi, wala hakuuliza kwa ubishi.

John Henry Newman alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1801. Akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford na mchungaji wa Waanglikana, na tangu 1828 alikuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo. Mama wa Yesu alimheshimu. Lakini kumwomba, hapana. Aliona Wakatolika wanampa kiumbe ibada iliyo ya Mungu peke yake.

Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Littlemore pamoja na vijana wachache. Walisali katika kitabu cha sala za mapadri wetu, ila walipofika penye sala za kumwomba Maria na Watakatifu, waliziruka. Huko Newman alisoma sana maandiko ya Mababa wa kale. Tena padri mmoja wa Irlandi, Charles Russell, alimpelekea vitabu vidogo vya ibada, vile vinavyosomwa na Wakatolika wa kawaida. Kumbe, hakukuta humo yale aliyoyahofu! Akafahamu kwamba kwetu hakuna mtakatifu wala sanamu inayosimama kama ukuta kati ya roho na Muumba wake.

Hata hivyo, kuwa Mkatolika kulikuwa kuacha cheo, nyumba na marafiki. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845 Padri Dominic Barberi wa Italia alifika Littlemore, amelowa mvua chepechepe. Alipokuwa akijikausha motoni, Newman aliingia, akampigia magoti, akaomba kupokewa katika Eklezya. Alipopewa Kipaimara alichagua jina la Maria. Dada yake Harriett alijitenga naye, wala hawakupatana mpaka dada huyo alipofariki mwaka 1852.

Mwaka 1865 rafiki yake wa kale, Edward Pusey, Mwanglikana, aliandika kitabu cha kuwashtaki Wakatolika kwamba wanamtukuza Maria kupita kiasi. Newman alimjibu bila kuficha kitu: waandishi Wakatolika waliotia chumvi aliwakataa waziwazi. Kisha akaonyesha jinsi Mtakatifu Yustino, Mtakatifu Ireneo na Tertuliano, walioandika miaka 1600 na zaidi kabla yake, walivyomlinganisha Maria na Eva: Eva alimsikiliza nyoka, Maria alimsikiliza malaika. Basi, heshima hiyo haikubuniwa na mapadri wa juzi. Pusey hakugeuka, lakini urafiki wao haukufa.

Papa Leo XIII alimfanya Newman Kardinali mwaka 1879. Alifariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890, na Papa Fransisko alimtangaza Mtakatifu tarehe 13 Oktoba 2019. Sasa Wakristu humwomba yeye, aliyeziruka sala za Watakatifu kule Littlemore.