Tumtendee haki Gorilla Monsoon, mtangazaji wa mieleka

Nimehudhuria mashindano mengi ya michezo ya shule hapa Kitale na kule Bungoma, na kila mara mwanafunzi mmoja hukabidhiwa kipaza sauti ili awatangazie wenzake yanayojiri uwanjani. Ni desturi njema. Hata hivyo, aghalabu tunachoambulia ni mayowe. Mchezaji akiangushwa, mtangazaji hupiga ukelele. Akifunga bao, ukelele huongezwa. Asiyeuona uwanja hajui nani kamwangusha nani, wala vipi. Kosa si la mwanafunzi peke yake, kwa maana anaiga watangazaji wanaosifiwa kwa ukali wa sauti. Ndiyo sababu nimeona vyema leo kumzungumzia mtangazaji mmoja wa zamani ambaye, kwa maoni yangu, hajatendewa haki.

Mieleka ya kulipwa ya Marekani ilipotufikia miaka ya 1990 kwa runinga na kwa kanda za video, vijana wengi walijua majina ya Hulk Hogan na Undertaker. Wachache waliuliza jina la mwenye sauti nzito iliyosimulia mapambano hayo. Huyo alikuwa Gorilla Monsoon.

Jina lake halisi lilikuwa Robert James Marella. Alizaliwa tarehe 4 Juni 1937 mjini Rochester, katika jimbo la New York, akiwa wa asili ya Kiitaliano. Alisoma katika Chuo cha Ithaca, ambako alitia fora katika mieleka ya kweli, ile isiyopangwa. Mwaka 1959 alishika nafasi ya pili katika uzani mzito kwenye mashindano ya vyuo vya Marekani nzima. Alipoingia katika mieleka ya kulipwa aliitwa Gino Marella, akawa akiwaimbia watazamaji kwa Kiitaliano kabla ya pambano. Walimpenda kiasi, lakini mapenzi ya kiasi hayajazi ukumbi.

Hapo ndipo alipogeuzwa jitu. Watazamaji waliambiwa kuwa ametoka Manchuria, huko kaskazini mashariki mwa Uchina, kwamba hula nyama mbichi, na kwamba hajui Kiingereza hata neno moja. Msomi wa chuo akalazimika kunguruma badala ya kusema. Sisi Waafrika tunaitambua picha hiyo upesi, kwa maana nasi tumechorwa hivyo mara nyingi: mgeni wa mbali ni mnyama, na dalili ya unyama wake ni kukosa lugha. Kwa sura hiyo ya kutisha alipambana na bingwa Bruno Sammartino mwaka 1963, kumbi zikafurika.

Miaka ilivyosonga jitu hilo liligeuzwa kipenzi cha watu. Mnamo Juni 1976, Muhammad Ali, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemshinda George Foreman mjini Kinshasa, alikuwa akijiandaa kukabiliana na Antonio Inoki wa Japani. Akapanda ulingoni kumchokoza Monsoon. Monsoon alimwinua mabegani, akamzungusha kama pia, kisha akambwaga sakafuni. Lilikuwa onyesho, naam, lakini picha zake zilienea kote.

Alistaafu kupigana mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaketi mbele ya kipaza sauti. Mtu aliyejulikana kwa kunguruma akawa mwenye msamiati mpana kuliko wengi waliokuwa pale. Mwanamieleka akipigwa kisogoni, Monsoon hakutosheka kusema amepigwa kichwani. Alitaja nundu ya mfupa ulioko nyuma ya fuvu, kwa jina lake la kitabibu. Akikabwa, alieleza ni kiungo gani kinachobanwa na kwa nini kinauma. Alikuwa amekaba na kukabwa yeye mwenyewe, kwa hiyo alijua anachokisema.

Tena hakutangaza peke yake. Aliketi na Jesse Ventura, na baadaye Bobby Heenan, watu ambao kazi yao ilikuwa kuwatetea wakorofi. Mkorofi akimchoma mwenzake kidole machoni, Heenan aliapa kuwa hakuona kitu. Monsoon alimkanusha, akaikumbusha hadhira kanuni, akamlaumu mwamuzi aliyegeuka upande mwingine. Yalikuwa malumbano yenye utani na utamu wake, na mtoto aliyeyafuatilia alijifunza kwamba tukio moja laweza kusimuliwa kwa njia mbili, na kwamba moja ya njia hizo ni uongo.

Wako waliomdharau. Katika miaka ya kwanza ya 1990, wasomaji wa jarida la Wrestling Observer walimchagua zaidi ya mara moja kuwa mtangazaji mbaya kuliko wote. Walidai kwamba alirudia misemo ile ile kila wiki, na kwamba alitia chumvi. Madai hayo yana ukweli. Pambano la Hogan na Andre the Giant la tarehe 29 Machi 1987, karibu na Detroit, lilitangazwa kuwa na watazamaji 93,173, idadi ambayo watafiti wameipinga. Ilidaiwa pia kwamba Andre hakuwa ameshindwa kwa miaka kumi na mitano, nalo halikuwa kweli. Monsoon ndiye aliyekuwa kwenye kipaza sauti siku hiyo. Alitumikia biashara ambayo matokeo yake hupangwa, na sharti mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi.

Lakini je, kurudia msemo ni kosa? Fanani wa hadithi hurudia mwanzo wake kila usiku, na hadhira humngoja aurudie. Kosa kubwa zaidi ni kutosema kitu. Watu wa Bungoma wanalijua hili kuliko wengi. Msemaji wa kumuse, anayetembea uwanjani mbele ya watu baada ya mazishi ya mzee wa heshima, husikilizwa kwa kuwa anazijua koo, majina na historia ya jamii yake. Koo kavu lisilo na maarifa halingemweka uwanjani kwa saa nzima.

Nacho Kiswahili hakina upungufu hapa. Tuna kabari, roba, ngwala, mtama na kumbo. Mtu huanguka chali, kifudifudi au kiubavu. Mwili nao una utosi, kisogo, mtulinga, nyonga, pia ya goti na kifundo. Nimewahi kuliuliza darasa zima mtulinga ni kitu gani, nisipate jibu. Hazina ipo, ila imefungiwa kabatini.

Mwisho wa Monsoon haukuwa mwepesi. Mwanawe Joey alikuwa mwamuzi, na ndiye aliyekuwa ulingoni usiku ule wa Hogan na Andre, baba akisimulia. Tarehe 4 Julai 1994, Joey alifariki katika ajali ya gari akirejea kutoka kazini. Baba alirudi kazini hata hivyo, ingawa afya yake ilikuwa ikidhoofika. Alionekana ulingoni kwa mara ya mwisho mwezi Machi 1999, amekonda mno, akafariki tarehe 6 Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 62. Hadi leo, pale nyuma ya pazia ambapo mwanamieleka husimama kabla ya kuingia ukumbini pameitwa kwa jina lake, kwa sababu ndipo alipozoea kuketi.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Katika mashindano yajayo, kipaza sauti wapewe wanafunzi wawili, si mmoja, na kila mmoja awe na jukumu la kumsahihisha mwenzake. Kabla ya siku hiyo, wafundishwe majina ya viungo, ya mapigo na ya kanuni. Mwanafunzi naye, kabla ya kupaza sauti, ajiulize iwapo kipofu aliyeketi kando ya uwanja ataelewa kilichotokea. Akiweza kumwonyesha kwa maneno, na apige kelele apendavyo.