Bwana Heri wa Saadani

Mimi ni mtu wa Uganda, na bahari nilikuwa nikiisoma vitabuni tu. Likizo iliyopita mjomba alitupeleka, mimi na mwenzangu wa darasa moja, mpaka Saadani, pwani ya Tanzania, baina ya Bagamoyo na Pangani. Pori lile ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Tembo na simba huteremka hata kukaribia bahari, na viboko wamejaa mto Wami. Lakini jambo tulilorudi nalo nyumbani ni habari za Bwana Heri bin Juma, nami nawasimulia wenzangu.

Bwana Heri alitawala Saadani na Wazigua wa karibu katika karne ya 19, wala hakumtii Sultani wa Unguja ila kidogo. Misafara ilishusha pembe, na watumwa pia, ikapandisha nguo na bunduki. Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878, alianzia hapo Saadani kufyeka njia ya Mpwapwa mwaka 1877.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilitaka kutwaa forodha za pwani. Watu wakakataa. Abushiri akapigana upande wa Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Juni 1889 manowari ziliupiga mji kwa mizinga. Bwana Heri akaingia porini, akajenga boma la miti mahali paitwapo Mlembule. Desemba Abushiri alinyongwa, lakini Bwana Heri hakuacha vita. Wajerumani walilishambulia boma lake wakarudishwa nyuma, mpaka Januari 1890 walipokuja na nguvu zaidi, likaanguka. Akajenga jingine Palamakaa, nalo likamtoka. Watu wake wakashikwa na njaa, na Aprili 1890 akajisalimisha. Wajerumani wakamsamehe, akarudi kuujenga mji wake.

Jioni tulikaa mchangani tukabishana. Mwenzangu alisema kuwa shujaa ni Abushiri, maana yeye hakujisalimisha. Nami mwanzoni niliona hivyo. Kisha nikatazama pori lile lenye miiba na maji ya chumvi, nikawaza habari za wanawake na watoto waliokaa humo miezi mingi bila mashamba. Mtu aliyepigana karibu miaka miwili hakuwa mwoga. Nadhani siku ile alichagua watu wake kuliko sifa yake. Ninyi wasomaji, hasa wakubwa wetu mliokwisha kumaliza shule, mwaonaje?