Shaaban Robert: Kalamu Mbele ya Hofu

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, na akaitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Mtu wa hali hiyo alikuwa na kila sababu ya kuhofu. Mwajiri wake ndiye aliyekuwa mtawala. Kumkosoa waziwazi kungeweza kumkosesha riziki.

Hata hivyo, hakuiweka kalamu chini, bali aliitafutia mbinu. Katika *Kusadikika*, iliyochapishwa mwaka 1951, alisawiri nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi maendeleo, nao waliporejea wakatiwa gerezani. Aliyetaka kuiona dola ya kikoloni humo, aliiona.

Si kila kazi yake iliyopata msomaji mapema. Mswada wa *Kufikirika* aliuandika mwaka 1946, lakini ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Katika muda huo hakukaa akiungoja. Aliendelea kutunga mashairi, insha na tenzi.

Mwandishi chipukizi anayefungia mswada wake sandukuni kwa kuwachelea wahakiki na azingatie jambo hili. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961; Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Lau angaliungoja uhuru ndipo aandike, angalibakiwa na miezi sita tu.